Vidole Vinne vya Kitambaa

Futi yangu ya kupimia nguo ilisoma sentimita sabini na moja. Nikaizungusha tena tumboni mwa binti yangu.

"Usibane tumbo. Fundi cherehani hadanganywi."

"Sijabana, mama."

Kabla hajaanza dripu za dawa za kila wiki mbili, ilikuwa sabini na nane. Mimi na baba yake tulimrithisha ugonjwa bila kujua. Mafuta ambayo miili ya wenzake huyavunja, wake uliyalimbikiza kwenye bandama, ikavimba. Basi kila gauni lake niliachia vidole vinne vya kitambaa ndani ya mshono, tumbo likikua nifumue. Naye akajifunza kuvuta pumzi na kubana tumbo kila akiona futi, ili nisihuzunike.

Lakini futi kuukuu hulegea, na ikilegea hupunja. Nikailaza juu ya rula ya mbao, alama kwa alama. Ilikuwa sawasawa.

"Mbona unaipima futi yenyewe? Tumbo limeongezeka?"

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja chini ya mbavu zake za kushoto, mahali palipokuwa pagumu kama ubao. Kiganja kikazama kidogo.

"Mama, unanitekenya."

"Vumilia."

Nilikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha nikainuka, nikatandaza kitambaa cha sare yake ya shule mezani, nikachora mstari kwa chaki. Yeye, mtoto wa fundi, akaufuata kwa macho mpaka mwisho.

"Mama, umesahau vile vidole vinne."

"Sijasahau," nikasema, nikashika mkasi, nikakata.