Miti ya Milimani

Ofisa wa kiwanda cha saruji alisimama uani kwa Bi Mashavu akamsomea cheti. Vumbi linalotoka kwenye bomba la kiwanda, alisema, limeshafidiwa, kwa sababu kiwanda kimepanda miti elfu kumi.

"Mmeipanda wapi, mwanangu?" Bi Mashavu aliuliza.

"Milimani, mama. Mwendo wa siku mbili kwa gari. Hewa ya huko sasa ni safi kabisa, na serikali imeridhika."

Ndani, mumewe, Mzee Sefu, alikohoa mpaka kitanda kikalia. Bi Mashavu alimtazama ofisa kama anayetazama matapishi ya paka mlangoni. Aliingia ndani, akatoka amemshika mumewe mkono, akafungua mlango wa gari la kiwanda na kumketisha kiti cha nyuma.

"Mama, unafanya nini?"

"Hewa yake mmeipeleka milimani. Basi mpelekeni na yeye akaivute."

Akaufunga mlango kwa kishindo. Ofisa alibaki amekodoa macho, cheti mkononi, vumbi likimtua mabegani. Nyuma ya kioo, Mzee Sefu aliutafuta mkanda wa kiti, akajifunga, akatazama mbele.