Kaseti ya Tatu

Mama Kanda aliitikisa kaseti sikioni, taratibu, kama mtu anayepima yai lisije likawa viza.

"Mama, unasikiliza nini?" mwenye duka akacheka. "Hiyo tupu, haina hata kikohozi."

"Kuna tupu na tupu, baba. Hii inacheza ndani kama jino bovu. Nipe nyingine."

Akampa ya dakika tisini. Mama Kanda akairudisha. Ya tisini mkanda wake mwembamba kama ganda la kitunguu. Hukatika siku ile ile unayoihitaji. Alitaka ya sitini, yenye skrubu tano, ili ikileta ukaidi aifungue. Miaka ishirini na saba alikuwa akitunza kanda za redio ya taifa. Kwa kaseti, hakuwa mtu wa kufundishwa.

"Ulisema mbili," mwenye duka akamkumbusha.

"Weka tatu. Moja ya nyumbani."

"Utarekodi nini nyumbani?"

"Mume wangu anavyokoroma. Akikana, nampigia."

Mwenye duka akacheka mpaka machozi. Hakujua kwamba mume huyo alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na kwamba nyumbani kwa Mama Kanda kilichobaki ni kitanda cha mwanawe wa pekee, kimetandikwa na hakilaliwi. Kijana alikutwa na kikaratasi kinachomcheka rais. Kikaratasi kimoja, mistari minne. Hati ya kumnyonga, rais aliisaini mwenyewe, kwa wino wa kijani. Siku ilikuwa keshokutwa, saa tatu asubuhi.

Studioni alimkuta Bwana Itifaki amekwisha kufika. Ndivyo walivyomwita mkuu wa sherehe za ikulu, maana hata kupiga chafya alikuwa na utaratibu wake. Wiki ya tatu hiyo rais alikuwa hajaonekana. Mapazia ya ikulu hayajafunguliwa, na watu mjini walinong'ona huku wakitazama nyuma.

Msomaji wa taarifa ya habari akakaa mbele ya kipaza sauti, akavuta pumzi.

"Ndugu wananchi, kwa majonzi makubwa tunawatangazia kwamba rais wetu mpendwa amefariki dunia leo asubuhi…"

Alipomaliza, alijifuta jasho. "Mara ya nne hii naisoma, dada. Bado sijaizoea."

"Pole, kaka. Maneno mazito hayazoeleki." Mama Kanda akamgeukia mkubwa. "Inatangazwa lini hii?"

"Nitakaposema mimi. Lini si kazi yako."

"Nauliza tu, nisije nikakuta nguo yangu nyeusi haijafuliwa."

Bwana Itifaki hakucheka. Alifungua kitabu chake chekundu akaanza kuwasomea kwa fahari, kama mtu anayesoma barua ya posa ya bintiye. Mizinga ishirini na moja. Bendera nusu mlingoti. Makamu kuapishwa saa nne. Saa sita, askari sita wa gwaride kumtia rais ndani ya jeneza, na kifuniko kupigwa misumari kumi na miwili.

"Na wafungwa wa kunyongwa?" Mama Kanda akauliza, macho kwenye mashine.

"Ukurasa wa themanini na mbili. Hati zote alizosaini zinakufa naye. Mrithi huanza upya, na kwa kawaida husamehe, apate kupendwa."

"Na likitokea kosa?"

"Mama, kitabu hiki kina kurasa mia na kumi. Hakuna hata mmoja wa kurudi nyuma. Redio ikishasema, kila mtu anafuata mstari wake. Mwenye mzinga anapiga mzinga, mwenye jeneza anabeba jeneza. Hakuna anayeuliza."

"Ewaa," akasema Mama Kanda.

Bwana Itifaki akavunja vijino vya nyuma vya kaseti mbili, mtu asije akarekodi juu yake, akazifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Hakuinama kutazama chini ya meza, ambako mashine ya akiba, ya kurekodia ile kubwa ikikwama, ilikuwa bado inazungusha kaseti ya tatu.

Keshokutwa yake, saa mbili kamili asubuhi, badala ya muziki wa mazoezi ya viungo, nchi nzima ilisikia majonzi makubwa.

Saa mbili na dakika tano mizinga ilianza. Saa tatu kasorobo mkuu wa gereza alifunga daftari, akamwambia mnyongaji arudi nyumbani na bakuli lake la chakula. Kijana wa Mama Kanda akarudishwa selo. Saa nne makamu aliapishwa. Suti yake nyeusi ilimkaa vizuri ajabu.

Bwana Itifaki aliingia studioni anahema, kofia haipo. Akafungua kabati. Kaseti zote mbili zilikuwa mahali pake. Mama Kanda, ambaye kweli alikuwa amevaa nyeusi, akamsogezea kitabu chekundu alichokidondosha mlangoni.

"Ukurasa gani tuanzie, bwana mkubwa?"

Bwana Itifaki akapekua kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo. Halafu akakaa, akatoa tai nyeusi mfukoni, akaifunga kwa utaratibu.

Saa sita kamili, kama kitabu kilivyosema, askari sita walipanda ngazi za ikulu na jeneza, wakafungua mlango wa chumba cha kulala. Rais alikuwa anakunywa chai, mguu wake wenye jongo juu ya mto. Katika nchi nzima aliyebisha ni yeye peke yake, wala hakubisha kwa muda mrefu.