Pakadi ya Mzee Maduhu

Jeneza lilikwishaingia garini na mlango wa nyuma ukafungwa. Kwaya ikamaliza ubeti, ikanyamaza. Sasa watu wote wa Ibadakuli walikuwa wanamtazama Ngusa, na Ngusa alikuwa anautazama ufunguo kiganjani mwake.

"Washa basi, baba," shangazi yake Paskalia alimwambia. "Padri anangoja."

Mzee Maduhu aliacha neno: gari lake ndilo limpeleke makaburini, na mwanawe ndiye akae kwenye usukani. Neno la marehemu halirudishwi.

Na gari lenyewe lilikuwa gari kweli. Pakadi ya Marekani, ndefu kama tela la pamba, ubavuni imevishwa mbao halisi, puani ndege wa chuma cheupe kakunjua mabawa. Mzungu wa kiwanda cha pamba alimwachia dereva wake Maduhu siku alipofunga virago, na hata wakati huo magari ya namna hiyo yalikuwa ya kutafuta kwa tochi duniani. Mtoto akijitazama kwenye bampa alijiona ana mashavu ya tajiri. Kila Jumapili baada ya misa mzee alilifuta vumbi kwa kitambaa cha kaniki, na akimaliza alilipigapiga begani. "Wabeja," alilishukuru kwa Kisukuma, kama mtu na mwenzake.

Lakini hakuliwasha. Wageni wakiomba walau wasikie mngurumo, aliwajibu, "Mwacheni alale. Mzee haamshwi kwa ajili ya maonyesho."

Ngusa alimshukuru Mungu kwa ubahili huo. Maana mwaka ule baba yake alipolazwa Mwanza, yeye alitoka machimboni Katoro na vijana na mnyororo, wakaing'oa injini ya Pakadi. Akaifunga kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Duara langu, lile shimo la dhahabu, liko karibu kutema, aliapa. Likatema maji. Injini ikasaga mawe matupu mpaka ikapasuka, ikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Na ili pua ya gari isinyanyuke kwa wepesi, Ngusa alijaza mawe ndani ya boneti, akaifunga.

Mzee alirudi kutoka hospitali, akafuta vumbi, akasema wabeja.

Siku moja tajiri mmoja alikuja na bei ya kujenga nyumba mbili, akataka kwanza afunguliwe boneti. Ngusa alikuwepo. Mzee Maduhu akaenda taratibu, akaiegemea boneti kwa mgongo. "Hii haifunguliwi na mgeni," alisema. "Ni ya mwanangu."

Tajiri akaenda zake. Tangu hapo Ngusa alikuja nyumbani kwa kuitwa tu. Kila akija alikuwa amepanga la kusema, na kila akifungua mdomo baba yake alimwahi: "Umekula?" Basi akala, akaondoka.

Na sasa baba yuko nyuma ya kiti, ndani ya sanduku, anangoja kuendeshwa.

Kwenye uzio alisimama jirani yao Boaz, ameshika kamba za maksai wawili wa marehemu. Kijiji kizima kiliwacheka maksai hao. Hawakulima hata mstari mmoja. Mzee aliwatembeza tu kwenye lami, polepole, mabasi yakimpigia honi. "Maksai wasomi," watu walisema, "wanaogopa jembe." Leo kila mtu alijua ni kitoweo cha matanga.

"Tuwachinje sasa?" mpishi alimuuliza Boaz.

"Hao bado."

Ngusa akaingia, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, kwa ajili ya macho ya watu. Kwenye kioo aliona jeneza, akainamisha kichwa. Kisha akashuka.

"Shangazi," alisema. "Shangazi, gari hili mimi..."

"Fungua boneti," Paskalia alimkatisha.

"Nikifungua..."

"Baba yako alisema ufungue wewe. Asifungue mwingine. Nenda."

Akaenda kama mtu anayepelekwa barazani kuhukumiwa. Nyuma yake watu walisogea. Akainua boneti kwa mikono miwili.

Mawe yake yalikuwepo, yamepangwa vizuri kuliko alivyoyaacha. Juu ya mawe, imeviringishwa ndani ya kitambaa cha kaniki, ililala nira ya mninga, mpya, imepakwa mafuta, na mnyororo wake umekwisha kufungwa kwenye chasisi.

Ngusa alipoinua macho, Boaz alikuwa ameachia kamba. Maksai walikuja wenyewe, polepole, wakasimama mbele ya gari, kila mmoja upande wake.