Ufutio wa Bi Mashavu

"Mama, kompyuta hii ipeleke makumbusho," fundi Kombo alisema, na wateja wakaangua kicheko.

Bi Mashavu hakujali. Kesho yake mashindano ya gemu yangeanza hapo kibandani kwa Kombo, na kila mchezaji alitakiwa aje na mashine yake. Pesa yake ilitosha kipande kimoja tu cha memori, tena kilichokwisha tumika, na fundi alipokipachika kiligoma.

Akakichomoa mwenyewe. Akatoa ufutio wa penseli mkobani, akayasugua meno ya kile kipande yaliyofifia kwa uchafu mpaka yakang'aa, akakirudisha kwa kukikandamiza.

"Kwani hapa ni shule, mama?" Kombo aliuliza.

"Washa, mwanangu. Kisha uniandike kwenye orodha ya wachezaji."

Feni ikakohoa, ikazunguka. Kioo kilikuwa bado cheusi, lakini Bi Mashavu alishavuta kiti, mkono wake juu ya kipanya.