Tone Kwenye Mkono wa Shemeji

Mke wa mtafiti aliganda mlangoni mwa maabara. Mumewe alikuwa ameinamia mkono wa mtafiti mwenzake, yule mwanamke mgeni kazini, amefumba macho, ananusa.

Miaka yote ya ndoa yao, mafuta ya kila mmea wa dawa aliyoyatoa yalinuswa kwanza na mkewe, jikoni kwao.

“Afadhali umekuja!” mumewe akasema, wala hakushtuka. “Chupa hii ilisahaulika juani. Mwenzangu anasema mafuta yake ni mazima, mimi nina wasiwasi. Yakiwa yameharibika tunamwaga, tungoje maua ya mwakani. Hebu nusa. Pua yako ndiyo ninayoiamini.”

“Karibu, shemeji,” yule mwanamke akasema, akamnyooshea mkono. Tone lilikuwa bado linang’aa juu ya mshipa, kwenye ngozi laini.

Mke akainama. Harufu ikampanda hadi utosini, safi, tamu. Hajapata kunusa kitu kizuri kama kile. Roho ikamuuma.

“Yamechacha,” akasema. “Mwageni.”

Mumewe hakuuliza mara mbili. Akachukua chupa, akaenda kwenye sinki. Yule mwanamke akabaki amenyoosha mkono, anamtazama shemeji yake machoni.