Kufukuzwa kwa Mzee Barua

Kufikia saa sita mchana, Mzee Barua alikuwa ameshafukuzwa kazi mara nane.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Chuo cha biashara kilifundisha somo la kumwachisha mtu kazi kwa utu, na mtu wa kuachishwa alikuwa yeye. Wanafunzi, mabosi wa kesho, waliingia mmoja mmoja kwenye chumba chenye meza, viti viwili na boksi la tishu, wakamkabidhi barua na kujitahidi wasimvunje moyo. Mhadhiri alikaa nyuma ya kioo akiandika. Jina la Barua walimpachika wanafunzi, na likamganda.

Karatasi aliyopewa na chuo ilisema kwamba ni mhasibu wa bohari, ana umri wa miaka hamsini na minane na ametumikia kampuni miaka ishirini na miwili. Aliikariri siku ya kwanza, miaka sita iliyopita. Mambo ya nyumbani hakuandikiwa. Hayo aliyatoa mwenyewe.

Wengi walivurunda. Asubuhi hiyo mmoja aliongelea mvua dakika nne nzima kabla ya kugusia barua. Mwingine alimwambia anaelewa anavyojisikia, na mzee akamkodolea macho mpaka kijana wa watu akaloa jasho. Wa nane, binti mwenye kiatu kirefu, aliangua kilio yeye, ikabidi mfukuzwaji ambembeleze mfukuzaji.

Lakini wote walifundishwa kumaliza kwa swali moja: je, nyumbani kuna mtu wa kuzungumza naye leo? Kwa ajili ya swali hilo Mzee Barua aliamka kila siku akapiga pasi shati. Hapo uso wake ulichangamka. Aliwasimulia habari za mkewe asiyetaka kuambiwa apumzike, anayebandika chai jikoni akaisahau hadi ikakauka. Aliwasimulia habari za binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la sita mzee alipoanza kazi hii na sasa anasomea uuguzi, na za mapacha wa kiume wanaogombania shati moja wakati kabati limejaa. Wanafunzi walicheka, kisha kengele ikalia na muda ukawa umekwisha. Dakika zile zilikuwa chache mno kwake. Akishatoka mle chumbani hakuna aliyemuuliza kitu.

Maana ni vigumu kumsalimia mtu uliyetoka kumfukuza. Kwenye bwalo la chakula wanafunzi waliipita meza yake kwa mbali, macho kwenye sahani, utadhani kufukuzwa kunaambukiza. Alikula peke yake akisoma jarida la chuo, na habari za jamii nzima ya pale alizijua kuliko mkuu wa chuo: mhitimu aliyefungua kiwanda cha sabuni, profesa aliyepata tuzo, wawili wa darasa la jioni waliooana. Yeye hakujulikana na hata mmoja wao, na jambo hilo lilimuuma.

Toleo la leo lilikuwa na ukurasa mzima kuhusu somo lake. Aliitafuta picha yake, hakuiona. Palikuwa na picha ya mwanafunzi aliyekaa mbele ya skrini, barua mkononi, na maelezo marefu kuhusu mawazo mapya ya ufundishaji. Kabla hajayamaliza akaitwa chumbani.

Wa tisa alikuwa mwanamama wa makamo, bila shaka wa darasa la mameneja walio kazini. Kiti cha nyuma ya kioo kilikuwa kitupu. Mzee alidhani mhadhiri bado yuko kwenye chakula.

Mwanamama hakusoma popote. Alivuta kiti akakaa upande wa meza aliokaa mzee, akamsogezea glasi ya maji na barua.

"Baba, nina habari mbaya," alisema. "Kuanzia mwezi ujao hatutakuwa na kazi ya kukupa."

Mzee Barua alihesabu moyoni hadi kumi kama kawaida yake. Kisha akauliza alichowauliza wote: amekosa nini? Hapo ndipo wengi walipoteleza, wakaanza kumtafutia makosa.

"Hujakosa kitu. Umefanya kazi vizuri miaka yote. Uamuzi ni wetu, si wako."

Mzee alifurahi kweli. Hatimaye amepatikana mtu anayeliweza somo hili. Alipoulizwa kama nyumbani kuna wa kuzungumza naye, alimsimulia yote, chai na mashati, akaongeza na habari mpya kwamba binti anafunga chuo wiki ijayo. Kengele haikulia. Mwanamama alimsikiliza mpaka mwisho, na mzee hakukumbuka mara ya mwisho aliposikilizwa hivyo.

Mzee akavuta fomu ya alama, ambayo humjazia kila mwanafunzi, akaandika kumi juu ya kumi.

"Miaka sita sijampa mtu kumi," alimwambia. "Wewe utawafaa watu."

Mwanamama aliishika ile fomu, asijue aiweke wapi.

"Baba, mimi si mwanafunzi. Natoka ofisi ya utumishi."

Mzee aliifungua barua, safari hii akaisoma. Mhasibu wa bohari hakutajwa. Yaliyoandikwa yalikuwa majina yake yeye, yote matatu.

"Angalau moyo wangu umetulia kujua una mke na watoto," mwanamama alisema taratibu. "Wahi nyumbani. Jambo hili usikae nalo peke yako."

Mzee Barua alivua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani.

"Mke na watoto nao ni wa kazini, mwanangu," alisema. "Niliwapata hapahapa, na ninawaacha hapahapa."