Njoo Nalo Muyinga

"Rangi mpya juu ya kutu. Hata maiti hupakwa marashi," Jeska aliandika, akatuma kabla hasira haijapoa.

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi. Peugeot 404 ya mizigo, ya buluu, imeegeshwa mbele ya nyumba ya matofali huko Bukirasazi, upande wa Gitega. Mwenye gari, Anatoli, ameuegemea mlango kama bwana harusi. Chini ya picha ameandika: "Jumapili njema, ndugu zangu. Karburata imesafishwa, watoto wameshiba. Nimwombe Mungu nini tena?"

Kundi lao la WhatsApp liliitwa Vyuma vya Wazee. Wapenzi wa magari ya zamani, kuanzia Gitega hadi Muyinga, walikutana humo kuulizana wapi patapatikana gasketi, kuonyeshana injini, kupongezana kwa harusi na kupeana pole za misiba. Walielewana vizuri, isipokuwa watu wawili. Anatoli akisema neno, yule anayejiita Chuma cha Muyinga alikuwa amekwisha kumrukia.

Hakuna aliyejua kwamba Chuma ni mwanamke. Jeska aliandika tu, hakuwahi kutuma sauti wala sura. Aliyejua ni Aboubakar peke yake, mwenye duka la vipuri mjini Muyinga, ambaye Jeska alimsaidia kuuza. Yeye ndiye aliyemwingiza kundini, baada ya kuombwa sana.

"We Jeska," Aboubakar alimwambia siku moja, "uko na shida gani na huyu mzee? Mais, amekukosea nini?"

"Anajisifu mno."

"Kila mtu mwenye iko na gari ya zamani anajisifu. Hata mi!"

Jeska aliendelea kupanga plagi kwenye rafu.

Mwanzoni hakuwa akijua hata plagi ni kitu gani. Mara yake ya kwanza kumkosoa Anatoli, alimwambia hajui kitu, aangalie kwanza maji kwenye rejeta. Kumbe walikuwa wakizungumzia Volkswagen kobe, gari lisilotumia maji. Kundi zima lilicheka. "Rudi shule, mwanangu," Anatoli alimjibu, na neno hilo lilimkaa Jeska kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo akajifunza magari kama mwindaji anavyojifunza nyayo. Alimsumbua Aboubakar kwa maswali, alifungua injini mbovu nyuma ya duka, alikariri majina ya vyuma vyote vya 404.

Lakini Anatoli alipotuma picha, Jeska hakuanza na injini. Alianza na vilivyo nyuma yake: mtoto wa kike aliyevaa sare ya shule, baiskeli mpya ukutani, mwanamke anayecheka mlangoni. Akishakinai, ndipo alipotafuta dosari ya gari na kuandika.

Mambo yaliharibika siku Anatoli alipoamua kuwasimulia maisha yake. "Nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi, Tanzania, peke yangu," aliandika, "sina kitu, sina mtu. Gari hili ndilo lililonisimamisha. Ndiyo maana sijawahi kulitelekeza hata siku moja."

Mioyo myekundu ilimiminika kundini.

"Mwongo," Jeska aliandika. "Mwoga. Kama kweli u mwanamume, njoo nalo Muyinga. Tulione mchana, mbele ya watu."

Nazario wa Ryansoro, mtu mpole, aliwasihi waache. Hakusikilizwa. "Nitakuja," Anatoli alijibu. "Na siku hiyo utaniomba radhi mbele ya hao hao watu."

Esansi, yaani petroli, ilikuwa adimu wakati ule, magari yakilala kwenye foleni. Ilipopatikana, Anatoli alijaza tangi, akapita Karuzi, akaja.

Wanakundi wa Muyinga walikuwa wamejazana mbele ya duka la Aboubakar, simu mkononi. Gari la buluu lilipokata kona, injini yake ilinguruma sawasawa, haikukohoa hata mara moja. Alishuka mwanamume mrefu mwenye mvi, amevaa shati la kwendea kanisani.

"Chuma yuko wapi?"

Jeska alitoka dukani akifuta mikono kwa kitambaa. Watu waliangua kicheko. Anatoli hakucheka.

"Binti mdogo hivi ndiye anayenitukana?" Alifungua boneti kwa nguvu. "Haya. Nionyeshe kutu."

Jeska aliinama juu ya injini. Alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa miezi mingi, ameyanoa kama panga. Sasa mtu mwenyewe amesimama karibu naye kiasi cha kusikia anavyohema, na maneno yote yamemtoka. Aligusa karburata. Ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

"Gari lako halina kosa," alisema. "Limetunzwa."

Watu walipiga makofi. Mmoja alimwambia Anatoli asamehe, yaishe. Lakini Anatoli alikuwa ameibeba hasira yake kutoka mbali.

"Umenitukana, watoto wangu wakiyasoma matusi hayo," alisema, kidole chake kikikaribia kumchoma Jeska usoni. "Umeniita mwoga, umeniita mwongo, na mimi sikujui wala hunijui. Nani alikulea wewe? Eh? Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wako," Jeska alisema. "Mama alikungoja kambini mpaka kambi ikafungwa."